Mrejesho: Betty's Hope, Antigua

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kama meli ikitia nanga St. John's, mji mkuu wa Antigua, kisiwa cha Karibiani, niende ufukweni au kwenye shamba la kale la miwa, Betty's Hope. Nilienda shambani, na sijutii hata kidogo.

Familia ya Codrington ililimiliki kuanzia 1674 hadi 1944. Kinu kimoja cha upepo kimekarabatiwa. Ndani mna rola za kukamulia miwa. Katika vinu vya namna hii, shoka liliwekwa karibu ili mtumwa akinaswa mkono, ukatwe kabla hajavutwa mzima. Nilisimama pale nikashindwa kupiga picha. Makazi ya watumwa wa shamba hili waakiolojia wameyatafuta kwa kuchimba ardhini.

Mnaokwenda, bebeni maji na kofia, jua ni kali.