Kabureta ya mashine ya boti inavujisha petroli, naomba ushauri

Habari wakuu. Nina mashine ya boti ya zamani, HP 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, tunavulia huku Kilwa. Kwenye sailensa (moto mdogo) inatulia, ukiongeza moto inakohoa na kuzima, labda uvute choki kidogo ndiyo iende. Fundi aliisafisha kabureta na kuipuliza, ikakaa sawa siku chache tu (hela yake alishachukua). Sasa hata ikiwa imezimwa, nikiminya pampu ya mkono petroli inachuruzika mdomoni mwa kabureta. Plagi ni mpya.

Je, ni sindano ya boya (ile inayofunga petroli kabureta ikishajaa) imelika, au boya limetoboka? Na jeti (kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli) naweza kuizibua kwa waya mwembamba wa shaba bila kupanua tundu? Aliyewahi kubadilisha sindano na gaskiti pekee anielekeze, kabureta nzima bei yake haishikiki.