Jamaa wa mkokoteni wa Kimara kanidhalilisha mbele ya watu, na saruji yangu iko mtaroni

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa wa mkokoteni wa Kimara, simtaji, mnamjua, yule anayevaa kofia ya sufu jua la saa saba. Leo kanifanyia kitu ambacho hata shetani angeomba ruhusa kwanza.

Nimenunua saruji mifuko sita. Kaipanga yote nyuma ya ekseli, kile chuma kinachoshika tairi, yote! Nikamwambia kwa adabu: kaka, sogeza mzigo mbele, kwenye mlima mpini utakunyanyua. Akageukia kijiwe cha bodaboda, akapaza sauti: "Msomi, basi fizikia yako ikabebe!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Hadi mama wa mihogo kaacha mihogo iungue.

FIZIKIA YAKO IKABEBE. Naambiwa mimi!

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Mifuko sita ya kilo 50 ni kilo 300, yaani nyutoni 3,000 hivi. Katikati ya mzigo ni sentimita 30 nyuma ya ekseli, momenti yake, yaani nguvu ya kuubinua mkokoteni, ni nyutoni mita 900. Mpini uko mita moja na nusu mbele ya ekseli, kwa hiyo lazima aukandamize kwa nyutoni 600 ndiyo mkokoteni usibinuke. Huo ni uzito wa mtu wa kilo 60, na yeye hafikishi kilo 60 hata umpime na mkokoteni wake! Hapo ni tambarare. Ukianza kupanda, mzigo uliorundikwa juu unazidi kuegemea nyuma.

Tukafika mlimani. Mpini ukapaa, naye akabaki ananing'inia juu kama shati kwenye kamba. Mifuko minne ndani ya mtaro, kwenye maji. Kashuka, kajikung'uta, mnajua kasema nini? Pole hakuna. "Si nilikwambia fizikia yako ikabebe?" Mara ya pili! Mbele ya watu walewale!

Nataka hela ya saruji yangu. Na aniombe radhi palepale kijiweni.

Mtoto_wa_Temeke: Chai hii. Picha iko wapi?

MamaWawili: Mkuu, uliona mzigo umekaa vibaya, ukaruhusu safari ianze? Ungepanda mbele kwenye mpini, kilo zako zingetosha.

Mleta mada: Nilikuwa nyuma nasukuma! Mtu anakwambia fizikia yako ikabebe, unataka nipande mpini?

Seremala_Mbezi: Huyo namjua. Alinibebea kabati la vioo, nikapokea kabati na vioo kila kimoja na njia yake.

Mzee_Kariakoo: Kijana, kuhusu ekseli umesema kweli. Mimi nimekokota Kariakoo ujana wangu wote. Lakini mzigo hauuweki katikati kabisa ya tairi, tairi likigonga shimo tu umebinuka. Unauleta mbele kidogo, mpini ukulemee mkononi. Ukiona mpini unakuvuta juu, shusha upange upya.

Mleta mada: Asante mzee! Ndicho nilichomwambia, akanijibu fizikia yako...

Dullah_Bajaji: Tumeshasikia, ikabebe. Mkuu punguza makasiriko.

MamaWawili: Na nyinyi wa bajaji mkae kimya. Tairi moja mbele, mnakata kona mbio, abiria watatu wote wamelalia upande mmoja, tairi la ndani liko hewani.

Dullah_Bajaji: Siyo kosa la dereva, abiria ndiyo hamtaki kuinamia ndani ya kona.

MamaWawili: Nilipe nauli na mazoezi ya viungo juu?

Muuza_Viazi: Bora nyie. Mimi nimeuziwa gunia la lumbesa, kichwa chake kirefu kuliko gunia lenyewe, halijasimama hata sekunde moja. Nalisimamisha, linalala.

Mzee_Kariakoo: Lumbesa uzito wake uko juu, kitako chembamba, litasimamaje?

Seremala_Mbezi: Na sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Wewe ulinunua la ngapi?

Muuza_Viazi: Mimi nimeuziwa, sijafungasha!

Mtoto_wa_Temeke: Ila unauza kwa sado iliyobonyea chini, wakuu nisemeni?

Mleta mada: Jamani, saruji yangu?

MamaWawili: Sado ya Mbagala ndiyo kiboko, imebonyezwa hadi inakaa viazi vinne.

Muuza_Viazi: Vitano.