"Milioni 4 kila kitu" si makadirio! Mafundi wa Unguja na Pemba mtatumaliza

Waungwana, hili limechosha. Mtu anataka kuezeka upya na kupiga plasta nyumba ya vyumba vitatu. Anaita mafundi watatu. Mmoja anamwambia "milioni 4 kila kitu", wa pili "ufundi milioni moja na nusu, vifaa juu yako", wa tatu anamwandikia orodha ya vifaa isiyo na kipimo hata kimoja. Kisha anachaguliwa wa bei ndogo! Hapo kimelinganishwa nini?

Chukueni plasta. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukichanganywa moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne) na kupigwa unene wa milimita 15, unamaliza ukuta wa mita za mraba 8 hivi. Ukuta wa mita za mraba 120 unakula mifuko 15. Fundi akikuandikia mifuko 7, ama atachanganya moja kwa nane na zaidi, plasta uikwaruze kwa ukucha imwagike, ama kazi ikifika nusu atakwambia saruji imekwisha. Huyo si rahisi. Amekuficha nusu ya bei.

"Mchanga gari 3." Gari gani? Fuso na gari dogo havichukui sawa, andika mita za ujazo! Na unatoka wapi? Mchanga wa ufukweni usiooshwa una chumvi, chumvi inakula nondo, nondo ikishika kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tazameni renta (boriti za zege za juu ya milango na madirisha) na nguzo za nyumba za karibu na bahari zinavyobanduka. Uchimbaji wa mchanga visiwani kwetu una vibali vyake, kwa hiyo bei ya mchanga ya fundi mmoja ikiwa chini mno kuliko za wenzake, muulize kabla hujafurahi.

Nondo nayo: ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, inatakiwa iwe na kilo 10 na nusu hivi. Ipandishwe kwenye mizani. Ikija na kilo 8 umeuziwa nyembamba kwa jina la nene. Bati ni hivyo hivyo: geji ndiyo kipimo cha unene wake, na namba ikipanda bati linapungua unene, kwa hiyo geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na kwa upepo wetu wa chumvi tofauti hiyo utaiona mapema. Makadirio yanayosema "bati" tu, yarudisheni.

Kisha yale yasiyoandikwa kabisa: kofia za paa, misumari ya bati yenye mpira, dawa ya mbao, majukwaa, kubomoa na kuzoa kifusi. Vifaa vikitoka Dar, kuna nauli ya chombo, upakuaji bandarini na gari la kufikisha kwenye kiwanja. Kwa Pemba ndiyo zaidi. Yote yanakuja baadaye kama "nyongeza".

Na Mji Mkongwe, jamani! Kuta za mawe na chokaa zinapigwa saruji kwa sababu fundi wa saruji kataja bei ndogo. Saruji inaziba unyevu ndani ya ukuta, unyevu unaila chokaa, na plasta inaanguka pamoja na ukuta wenyewe. Kazi ya chokaa inakwenda taratibu na inataka kuwekwa unyevu isikauke haraka, bei yake haiwezi kufanana na ya saruji. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe nacho hakimo katika makadirio ya mtu yeyote.

Mwenye nyumba, pima mwenyewe, andika karatasi moja, wape wote ile ile: eneo, unene, mchanganyiko, geji, ufundi mbali na vifaa mbali. Usitoe nusu ya fedha mkononi. Lipa kila hatua ikikamilika, na sehemu ya mwisho ya fedha ya paa ibaki mpaka inyeshe mvua.

Mafundi mliomo humu, futi ya kupimia mnayo mfukoni. Kuandika mita za mraba kwenye karatasi mnakataa kwa sababu gani?