Boksi za spika za mzee zimebanduka ganda, nipige rangi au nivalishe stika? Niko Mbeya

Mtoto wa Uyole

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kwa wanaojua haya mambo. Nina spika mbili za mzee wangu, zile za redio kubwa ya miaka ya 90, zina wufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 8 na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) juu yake, aliniachia alipohamia Tukuyu na mpaka leo zinaimba vizuri sana, yani ukiweka kwaya unamsikia kila mtu wa besi alipo, sio kama hizi sabufa za sasaivi zinazonguruma tu. Shida ni boksi. Lile ganda la nje lenye rangi ya mbao limebanduka kona zote, na boksi moja imevimba chini kwa sababu ilikaa miaka kwenye sakafu ya simenti, na unyevu wa huku kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne wenyeji mnaujua.

Mwaka jana nilimpa fundi mmoja akazipiga rangi ya mafuta nyeusi juu kwa juu bila hata msasa, wiki 2 nyingi ikaanza mapovu, ukikwangua kwa kucha inatoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Iliniuma sana maana mzee alizitunza hizi spika kuliko kiti chake. Sasa nataka nifanye mwenyewe taratibu. Nipige rangi upya au nivalishe stika kama wanazovalisha bajaji? Boksi moja ina urefu sm 60, upana sm 33, kina sm 28. Na je sauti haitaharibika?

Stika Mwanjelwa

Pole mkuu. Mimi stika ndio ugali wangu, bajaji, bodaboda, vioo vya maduka, na spika nimeshavalisha kadhaa. Inawezekana kabisa ila nikwambie ukweli, stika haifichi kitu. Kama chini yake kuna chembe ya mchanga utaiona, kama kuna shimo la msumari utaliona, na ikikaa juu ya unga wa mbao haishiki hata siku 3. Kwaiyo hiyo rangi ya mafuta lazima itoke yote pamoja na ganda la chini yake, usidanganywe na sehemu zinazoonekana bado zimeshika. Pasha moto na draya ya saluni huku unainua na kisu cha kupakia plasta, inatoka vipande virefu. Ukibaki na chipubodi tupu, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, piga praima kwanza, yani rangi ya msingi ya kushikia, ndio uvalishe.

Hesabu yako sasa. Usivalishe mbele na nyuma, mbele piga rangi nyeusi isiyong'aa, stika izunguke tu pembeni, juu na chini kama mkanda. Mzunguko wa boksi lako ni 33+60+33+60, hiyo ni sm 186, ongeza kidogo ya kupandana unakata sm 190. Upana wa mkanda ni kina sm 28 ongeza sm 3 mbele na 3 nyuma za kukunja, sm 34. Stika nyingi roli lake lina upana wa mita 1.22, maana yake ukinunua mita 2 unatoa mikanda mitatu, miwili ya boksi zako na mmoja wa kufanyia mazoezi. Anza katikati ya upande wa chini na umalizie hapohapo chini, kiungo hakuna atakayekiona. Kwenye kona usivute, pasha mpaka ilegee ndio uilaze, ukiivuta ikiwa ya baridi inakaa leo afu kesho inarudi nyuma na kuacha mdomo.

Na ufanye mchana. Saa mbili asubuhi huku kwetu mwezi wa sita gundi ya stika inakuwa kama imekufa, mimi hata wateja huwa nawaambia walete chombo saa tano.

Wufa Iringa

Kamweneee. Kabla hujagusa msasa toa spika zote ndani ya boksi, wufa na twita, usizifunike na gazeti ukasema inatosha. Mimi niliua wufa moja hivyohivyo. Nilikuwa nalainisha rangi na stili waya ya kusugulia sufuria, spika nimeziweka mezani hatua mbili tu kutoka hapo, zile nyuzi ndogo za chuma zikaruka zikaenda kwenye sumaku zikaingia kwenye ule mwanya mwembamba inapocheza koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya spika. Nilipofunga nikasikia krrr krrr kila besi ikipiga, na haitoki tena hata upulize vipi. Kwaiyo stili waya isiingie kabisa kwenye hii kazi, msasa tu, na spika ziwe chumba kingine kwenye mfuko wa nailoni.

Waya kabla hujachomoa chora alama ni upi unaenda kwenye chanya, piga na picha kwa simu. Ukisahau chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusisha kidogo tu kwenye wufa, koni (ile sehemu ya mbele inayocheza) ikitoka nje basi upande uliogusa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Hiyo ni kwa wufa, twita usiifanyie. Ukifunga moja kinyume na mwenzake besi inapotea na utadhani umeharibu boksi.

Kuhusu sauti, rangi au stika nje ya boksi haibadilishi kitu cha kusikika. Ila usipake chochote kwenye koni hata kama imepauka, inaongeza uzito. Usizibe lile tundu la hewa. Na unaporudisha wufa hakikisha kile kisponji cha kuizunguka kipo na kimekaa sawa, maana rangi ikiwa nene kwenye ukingo wa shimo wufa haikai vizuri na hewa inavuja. Cheki pia sponji inayoshikilia koni, za umri huo nyingi huwa zimeshaanza kumeguka.

Dada Mafinga

Mimi nimezaliwa kwenye karakana ya seremala, ngoja niongelee lile boksi lililovimba maana naona limerukwa na ndio ugonjwa wenyewe. Chipubodi ikishanyonya maji hairudi yenyewe hata uanike mwezi. Ikaushe ndani wiki nzima kwanza. Afu chukua gundi nyeupe ya mbao, iongeze maji kidogo iwe kama uji mwepesi, ipenyeze kwenye nyufa za sehemu iliyovimba mpaka igome kuingia, weka nailoni, weka kipande cha mbao ngumu juu na chini, bana na klampu kwa nguvu, uache mpaka kesho yake muda kama huo. Ukifungua itakuwa imeshuka ila sio kama zamani, iliyobaki unaikata na msasa namba 80, unaweka fila ile wanayotumia mafundi bodi wa magari, unashuka na 120, 180, mpaka 240. Pitisha kiganja ukiwa umefumba macho, mkono unaona kuliko jicho.

Ukiamua rangi, kingo za chipubodi na MDF (ubao wa unga laini wa mbao) zinakunywa rangi kama mchanga, zipake ile gundi nyepesi mara 2 na msasa kila mara ndio praima. Na kama kuna sehemu ile rangi ya mafuta imebaki usipulize juu yake rangi ya tina, ile inayochanganywa na tina, itajikunja yote kama maziwa yanavyoshika utando.

Baridi sasa. Rangi za tina zikipulizwa kwenye ubaridi wenye ukungu zinapata weupe kama pumzi kwenye kioo, ni unyevu umenaswa. Subiri siku ya jua, kati ya saa sita na saa tisa, na boksi zilale ndani ya nyumba usiku wa kuamkia ili mbao isiwe ya baridi. Tafadhali sana mdogo wangu, usiwashe jiko la mkaa chumbani kupasha joto. Mvuke wa tina unashika moto, na huo mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu kimyakimya. Watu wa nyanda za juu tunalizoea jiko mpaka tunasahau.

Mtoto wa Uyole

Dada asante sana, na wote. Kwaiyo nikichagua stika pembeni na rangi mbele, kipi kinaanza?

Dada Mafinga

Rangi. Iache siku 4 au 5 kwa hali ya hewa hii, kukauka kwa kushika sio kukauka kwa ndani, ukibandika mapema stika inaondoka na rangi.

Mtoto wa Uyole

Wakuu narudisha majibu, imepita kama mwezi hivi. Ganda lilitoka lote kwa draya, chini yake kuna vumbi kama unga wa sembe, nikaelewa kwanini ile rangi ilikuwa haina pa kushika. Upande uliovimba nilibana mara 2 maana ya kwanza haikutosha. Mkanda wa mazoezi niliuharibu kwenye kona ya tatu, nilivuta, wa pili na wa tatu vikaenda vizuri, kiungo kipo chini. Nimeweka raba 4 chini ya kila boksi zisiguse simenti tena. Mzee alikuja Jumamosi akazigonga kwa kidole pembeni kwanza, afu akaniambia niweke ile kanda ya kwaya.

Kimebaki kitambaa cha mbele kimechanika, naweza kuweka kitenge?

Wufa Iringa

Hongera sana kaka. Kitambaa kiweke mdomoni upulize, kama pumzi haipiti upande wa pili bila kusukuma basi twita nayo haitapita. Kitenge kingi kimebana mno. Tafuta kile chepesi cha vitundu, wanauza kwa mita kwenye maduka ya vitambaa, ukivute wakati wa kubana kisilegee katikati.