Msaada wakuu: nikivuta pini ya dharura ya tela nasikia mvumo tu, nitajuaje breki zinashika kweli?

Mzigo_Nyuma:
Wakuu habari zenu. Nimenunua tela la kulala safarini, limeshatumika, lina ekseli mbili na breki za umeme kwenye magurudumu yote manne. Kontrola ya breki iko ndani ya gari, na nikichomeka plagi inaonyesha kwamba tela limeunganishwa. Kwenye shingo ya tela kuna ile swichi ya dharura yenye pini na kamba ya waya, inayotakiwa kushikisha breki endapo tela litachomoka kwenye gari.

Nikivuta pini tela likiwa limesimama, nasikia mvumo magurudumuni, basi. Aliyeniuzia anasema huo mvumo ndio uthibitisho. Mimi sijaridhika. Nikiwa barabarani nikikanyaga breki, naona kama gari ndilo linalobeba kazi yote. Naombeni namna ya kupima yenye uhakika, na mwenye kujua hizi breki zinavyofanya kazi anifafanulie. Sitaki kubeba familia kwa kubahatisha.

Kigingi:
Mkuu, ukisikia mvumo ujue umeme umefika. Langu napima hivyo hivyo kabla ya kutoka na halijawahi kunisumbua. Angalia tu taa ya kontrola iwe inawaka.

FundiDramu:
Kigingi, hapo tunatofautiana, na ni jambo la hatari kulichukulia kirahisi.

Ndani ya kila dramu, yaani lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, kuna sumaku ya umeme kwenye ncha ya mkono wa chuma. Umeme ukifika, sumaku inang'ang'ania uso wa ndani wa dramu. Dramu ikiwa inazunguka, inaikokota ile sumaku, mkono unasogea, na mkono ndio unaotanua breki shuu zibane dramu. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kubana inatoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe. Umeme wa betri ni wa kuanzisha tu. Tela likiwa limesimama, sumaku itavuma na kung'ang'ania lakini hakuna cha kuusogeza ule mkono.

Mvumo basi unakwambia sumaku fulani imepata umeme. Haukwambii kama shuu zimeisha, zimelowa grisi, au ziko mbali na dramu kiasi kwamba mkono unafika mwisho bila kubana chochote. Na taa ya kontrola ndiyo kabisa: ikihisi hata sumaku moja tu, inaweza kuonyesha kwamba tela limeunganishwa.

Pima hivi. Weka vigingi kwenye magurudumu yanayobaki chini, piga jeki upande mmoja, halafu tegemeza tela kwa stendi imara. Usiliache juu ya jeki peke yake. Zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea mbele, kama tela linavyokwenda, na mwenzako avute pini. Gurudumu lisimame pale pale na usiweze kulizungusha tena. Fanya kwa yote manne, moja moja. Ukishaona jibu rudisha pini, kwa sababu ikikaa nje muda mrefu inamaliza betri na kuzipasha sumaku moto.

Betri_Kwanza:
Niongezee kwa FundiDramu, maana hapa ndipo wengi wanapata jibu la uongo.

Kabla ya kuvuta pini, chomoa plagi ya gari na uchomoe pia waya wa umeme wa nyumba kama tela lilikuwa linachajiwa. Swichi ya dharura inachukua umeme kutoka betri ya tela lenyewe. Ukiacha chaja inafanya kazi, chaja ndiyo itakayolisha breki, na betri iliyokufa itaonekana nzima. Gari nalo linaweza kupeleka umeme kwenye tela kupitia waya wa kuchajia. Siku tela linachomoka barabarani, hivyo vyote havipo, inabaki betri. Isitoshe, kuna kontrola zinazoungua pini ikivutwa huku plagi imechomekwa, kwa kuwa umeme unazirudia kinyumenyume.

Kanuni za serikali kuu ya Marekani kwa magari ya biashara zinataka tela likichomoka, breki zijishike zenyewe na zibaki zimeshika kwa dakika 15 au zaidi. Ni kipimo kizuri hata kwa tela la familia. Sumaku nne zinakula kama ampea 12, kwa hiyo dakika 15 ni kama ampea-saa 3. Betri kubwa yenye afya haihisi kitu. Ila kale kabetri kadogo kanakokaa kwenye kisanduku karibu na swichi, kakizeeka kidogo tu hakafiki.

Angalia pia kama tela lina swichi ya kuzima betri. Ukiizima halafu pini haifanyi kitu, waya wa dharura umeungwa mahali pasipo sahihi. Unatakiwa utoke kwenye betri moja kwa moja.

Mzigo_Nyuma:
Asanteni sana, sikuwa nimewaza habari ya chaja. Nimechomoa kila kitu na kupima. Betri ilisoma volti 12.6, nikivuta pini inashuka kidogo tu na kutulia. Magurudumu ya ekseli ya mbele yanasimama papo hapo. Ekseli ya nyuma ndiyo ina shida: la kushoto linazunguka kana kwamba hakuna breki, la kulia linakuwa zito lakini naweza kulizungusha.

FundiDramu:
Umefanya vizuri, sasa tuna pa kuanzia. Pima ampea kwenye waya wa breki wa tela pini ikiwa nje. Sumaku ya dramu ya inchi 10 au 12 inakula kama ampea 3. Ukipata karibu 12, zote zinapata umeme na tatizo ni la ndani ya dramu. Ukipata kama 9, moja imekufa. Kama 6, zimekufa mbili.

Ikiwa imepungua, anzia kwenye viungo vya waya nyuma ya gurudumu, halafu fuata waya unaopita ndani ya bomba la ekseli kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Huo hujikwangua kwenye chuma kwa mtikisiko mpaka ngozi inaisha, na hauonekani kwa macho. Waya wa hasi usiusahau. Ukishika kutu, sumaku inadhoofika bila kufa.

Mzigo_Nyuma:
Imesoma 9 kasoro. Kiungo nyuma ya gurudumu la kushoto nyuma kilikuwa kimeoza, kikaachia nilipokigusa. Nimekata pabovu, nimeunga upya na kuziba maji yasiingie. Sasa inakaribia 12 na gurudumu linasimama. La kulia bado vile vile.

FundiDramu:
Basi la kulia umeme unafika. Vua dramu uangalie. Ukikuta grisi kwenye shuu, usizioshe. Grisi imeshaingia ndani na itatoka tena zikipata moto. Badilisha sili ya beringi, na shuu ubadilishe za pande zote mbili za ekseli hiyo, vinginevyo tela litakuwa linavuta upande mmoja.

Kama ni kavu na bado nene, ni marekebisho tu. Nyuma ya bamba la breki kuna kitundu chenye kizibo cha mpira, ndani yake gurudumu dogo la meno. Lisukume huku ukizungusha tairi mpaka lisizunguke kirahisi, kisha rudisha meno nyuma mpaka lizunguke huru kwa mkwaruzo mwepesi. Shuu mpya zikague tena baada ya kama kilomita 320, maana zinajikalisha.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye kontrola. Mahali peupe pasipo na magari, mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, tumia kile kitufe cha mkono kinachofunga breki za tela peke yake. Ongeza nguvu mpaka magurudumu yakaribie kugoma, halafu punguza kidogo.

MamaMsafara:
Jamani na ile kamba ya pini mnaifunga wapi? Isifungwe kwenye cheni za usalama, wala kwenye kile kipande cha kuvutia kinachochomolewa. Kipande kikichomoka na tela, kamba inaondoka nacho na pini haivutwi. Ifungwe kwenye chasi ya gari, iwe na ulegevu wa kutosha wakati wa kona na isiburuze chini. Na msiivute pini ili breki zilishike tela mkiegesha. Wekeni vigingi.

Wenye tela zile za Ulaya zinazojifunga kwa kusukumwa na uzito wao, kamba yenu inavuta breki ya mkono moja kwa moja, hivyo habari ya betri haiwahusu, lakini ya mahali pa kufunga inawahusu sana.

Mzigo_Nyuma:
Kamba niliikuta imefungwa kwenye cheni. Nimeshaihamishia kwenye chasi. Kesho navua dramu ya kulia, nitawaletea majibu hapa hapa.

Kigingi:
FundiDramu, langu ni la ekseli moja, dramu za inchi 10. Natakiwa nisome ngapi?

FundiDramu:
Kama 6, mkuu. Chomoa plagi ya gari kwanza, halafu piga jeki pia.