Kusanifu gari la mashindano la wanafunzi kwa kompyuta: nianze kuchora nini?

Mwanafunzi wa Ngamiani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo, na kwa sasa nipo nyumbani Tanga kwa likizo. Tupo saba, na tumekubaliana kujenga gari dogo la kiti kimoja kwa kufuata kanuni za Formula Student, yale mashindano ya vyuo yaliyoanza Uingereza mwaka 1998 kwa kufuata nyayo za Formula SAE ya Marekani. Hatuna ndoto ya kwenda kushindana mwakani. Tunachotaka kwanza ni fremu iliyonyooka.

Kazi ya michoro nimekabidhiwa mimi, na hapo ndipo nilipokwama. Kwa wiki tano nimefuatilia masomo ya video, na kila somo nalimaliza nikiwa na kipande kinachofanana kabisa na cha mwalimu. Juzi nikafungua ukurasa mtupu ili nichore kanyagio la breki la gari letu, nikakaa saa nzima nikiutazama kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo na mwenyewe. Wenzangu nao wanabishana kuhusu programu: mmoja anataka SolidWorks, mwingine Fusion, mwingine FreeCAD. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 8, na bando ni la kuhesabu. Naomba mnielekeze programu ya kushika na kitu cha kuanza kukichora.

Mchoraji wa Karakana

Marahaba, mwanangu. Suala la programu tulimalize haraka, kwa sababu ndilo jepesi. Shika FreeCAD: haina malipo, inafanya kazi bila intaneti, na tangu toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 ina sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande. SolidWorks utaikuta katika ofisi nyingi, lakini mantiki ni ile ile. Unachora umbo bapa, unalifunga kwa masharti, unalipa unene, kisha unaliunganisha na mengine. Aliyeielewa mantiki hiyo huhamia programu nyingine kwa wiki mbili tatu.

Tatizo lako ni kwamba mwalimu wa video amekwisha kuamua kila kitu kabla hujakaa kitini. Vipimo ni vyake, na yeye ndiye aliyechagua pa kuanzia. Wewe unabonyeza tu. Kwa hiyo usianze na kanyagio la gari lenu ambalo halipo bado. Nenda gereji yoyote, omba kanyagio bovu la breki ya pikipiki, azima na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na vipenyo, ukae nalo mezani.

Kabla ya kugusa kipanya, jiulize kipande hiki kinazunguka wapi. Kinazunguka kwenye tundu la pini, basi kitovu cha tundu hilo kiwe sifuri ya mchoro wako, na kila kipimo kingine kihesabiwe kutoka hapo. Watu wengi huanzia kwenye kona ya chuma kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza, kisha hushangaa mchoro unapovurugika siku wanapobadilisha urefu. Baada ya hapo weka masharti: mstari huu uwe sambamba na ule, duara hizi mbili ziwe na kitovu kimoja, tao liguse mstari bila kuvunja kona. Katika FreeCAD, mchoro uliofungwa kikamilifu hugeuka rangi ya kijani. Ukivuta mstari kwa kipanya nao ukasogea, kazi bado.

Ukimaliza, badilisha namba moja, kwa mfano urefu kutoka milimita 140 hadi 160. Kanyagio likirefuka huku tundu likibaki mahali pake, umechora. Likipinda kama mkunga wa baharini, rudi utafute sharti ulilolisahau. Mimi hurudia jaribio hili mpaka leo.

Bint Pangani

Naunga mkono ya Mchoraji, ila naongeza jambo kwa siku utakapofika kwenye gari lenyewe. Nilikuwa katika timu ya namna hii nilipokuwa nikisoma Ujerumani, na kosa letu la kwanza lilikuwa kuanza na umbo zuri la nje.

Anza na dereva. Kanuni zinatoa kielelezo cha mwanamume mrefu kwa duara tatu tu: nyonga kipenyo cha milimita 200, mabega 200, na kichwa chenye helmeti 300. Kutoka kitovu cha nyonga hadi cha mabega ni milimita 490, na kutoka mabega hadi kichwa ni 280. Kitovu cha nyonga kisikaribie uso wa makanyagio kwa chini ya milimita 915, na helmeti ibaki angalau milimita 50 chini ya mstari unaounganisha vilele vya matao mawili ya usalama, yaani mabomba yaliyopindwa mbele na nyuma ya dereva ili kumlinda gari likipinduka. Chora mtu huyo kwanza, uweke magurudumu yakiwa mbali vya kutosha, maana kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hairuhusiwi kupungua milimita 1525. Fremu itajichora nusu. Kanuni husasishwa, kwa hiyo fuateni toleo la mwaka mnaoulenga.

Jambo la pili ni faili moja la nukta, yaani mahali vipande vinapofungwa kwenye fremu. Sisi tulikuwa na mtu wa saspensheni na mtu wa chasi, kila mmoja na faili lake, na kila mmoja aliisogeza nukta ile ile ya kufungia mkono wa chini wa saspensheni kwa nia njema. Tuligundua tofauti ya milimita 8 vibano vikiwa vimeshachomelewa. Wekeni faili lenye nukta na mistari pekee, liwe na mwenye nalo mmoja, na wengine wote wachukue kutoka humo.

Mchoraji wa Karakana

Bint Pangani amenikumbusha hasara yangu ya ujana. Nilichora kifremu cha skwea paipu ya milimita 25, nikampa fundi wa kuchomelea orodha ya urefu niliyoisoma kwenye mistari ya katikati. Kutoka katikati hadi katikati palikuwa na 600, naye akakata 600 kama nilivyoandika. Kipande cha kukaa katikati ya vyuma viwili kilipaswa kuwa 575. Alikata kumi na viwili kabla ya kujaribu kimoja, na hakuwa na kosa.

Bomba la duara lina hesabu nyingine. Mabomba mawili ya kipenyo kimoja cha milimita 25 yakikutana kwa pembe mraba, midomo ya kile kipande hufika mpaka mstari wa katikati wa bomba jirani, kwa hiyo hapo unakata 600 na kuchimba mviringo wa kina cha milimita 12.5 kila ncha. Andika kwenye karatasi ya fundi urefu wa kukata.

Mwanafunzi wa Ngamiani

Nawashukuru sana. Nimepata kanyagio lililopinda kidogo kutoka gereji ya mjomba hapa Barabara ya Kumi na Mbili, na leo ni siku ya tatu nalo. Mara ya kwanza nilipobadilisha urefu, tundu la waya wa breki liliruka nje ya chuma. Nilikuwa nimelipima kutoka ukingo wa chini badala ya pini. Sasa linatulia, na mchoro wote ni wa kijani, isipokuwa sijui nilichore lile pindo au nilinyooshe.

Mchoraji wa Karakana

Linyooshe. Pindo ni la ajali, si la msanifu. Kesho upime mkono wa gia.