Gari lijalo liwe na teknolojia ipi inayomfaa dereva kweli?

Dereva wa Masafa:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimeendesha gari kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kujiona mshamba mbele ya dashibodi hadi mwezi uliopita, nilipoazimwa gari jipya kwa safari ya siku mbili. Mvua ilinikuta njiani, kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu, nami nikapeleka mkono mahali ambapo kwa kawaida hukaa kitufe cha kupuliza hewa kiooni, nikakuta pametandazwa skrini nyeusi. Ikanibidi niiamshe, nitafute alama ya feni, nifungue ukurasa mwingine, ndipo nichague. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hupita karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo sekunde nne nilizoikodolea macho skrini ile zilinivusha zaidi ya mita 100 bila kuiona barabara.

Tukio hilo limenifanya nijiulize swali ambalo watengenezaji hawatuulizi sisi tunaoshika usukani: ukiachiwa wewe uchague, gari lijalo ungelitaka liwe na teknolojia ipi? Sitafuti ndoto za magari yanayopaa. Naomba jambo moja au mawili ambayo yangekupunguzia taabu au hatari unayoijua kwa kuionja, pamoja na sababu zake.

Vitufe Kwanza:

Swali lako limebeba nusu ya jibu. Kitufe hujulikana kwa kidole, na mkono ukishazoea mahali pake macho hayahitajiki tena. Skrini haina kingo wala mbonyeo, hivyo kila amri hulilazimisha jicho lihame. Jambo la kutia moyo ni kwamba Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari barani Ulaya, imeingiza katika vigezo vyake vya mwaka 2026 suala la vidhibiti vya kushikika kwa mambo matano: indiketa, taa za tahadhari, wipa, honi na wito wa dharura. Hiyo si sheria, lakini hakuna kampuni inayopenda kutangaza gari lenye nyota pungufu. Ukungu wa kioo, kwa bahati mbaya yako, haumo katika hayo matano.

Mimi ningeongeza kwamba mwendo na maelekezo ya njia yaoneshwe juu ya kioo cha mbele, mahali ambapo macho yapo tayari. General Motors waliuza gari la aina hiyo tangu 1988, na bado hadi leo kitu hiki kinahesabiwa kuwa anasa.

Lafudhi:

Naomba nitofautiane na aliyetangulia. Vitufe hamsini navyo ni vurugu, na dereva mgeni atahangaika navyo vilevile. Ninachokitaka ni gari linalosikia: niseme "ondoa ukungu", nalo litii bila kuniuliza mara mbili na bila kutegemea intaneti, kwa sababu mtandao hukatika pale hasa ninapouhitaji. Na lisikie Kiswahili. Leo nalazimika kubadili lafudhi ili gari linielewe, kana kwamba mimi ndiye niliyekalishwa kwenye mtihani.

Vitufe Kwanza:

Ndugu Lafudhi, ukiwa na watoto watatu wanaogombana kiti cha nyuma, gari litamtii nani?

Fundi wa Zamu:

Nimewasoma nyote na naona mnazungumzia kuliamrisha gari, ilhali mimi kilio changu ni gari lenyewe limwambie mwenye nalo ukweli. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnisamehe.

Magari yote madogo yanayouzwa Marekani yalilazimishwa kuanzia mwaka wa modeli 1996 kuwa na mfumo mmoja wa kujichunguza, wenye soketi ya aina moja na misimbo ya hitilafu inayofanana, na nchi nyingine zikafuata njia hiyo. Ni hatua kubwa, kwani kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Lakini kwa dereva, mfumo wote huo uliishia kwenye taa moja ya njano yenye picha ya injini. Taa hiyohiyo huwaka kwa sababu kifuniko cha tanki la mafuta hakikukazwa, na huwaka kwa sababu silinda moja haichomi mafuta sawasawa. Mtu mmoja anaendesha nayo mwaka mzima akiidharau. Mwingine anaiona asubuhi, anaacha gari na kwenda kwa miguu. Wote wawili hawana kosa, maana hawakuambiwa kitu.

Tofauti iliyopo ni ndogo na wengi hawaijui: taa ikiwaka mfululizo, unaweza kufika kwa fundi taratibu, ikimetameta, mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi, na joto lake linaweza kuharibu kifaa cha kusafisha moshi, kile ambacho mafundi wengi tunakiita masega. Hapo punguza mwendo, na ukiona pa kusimama salama simama. Kwa nini gari lenye skrini kubwa kuliko sinia lisiandike maneno hayo?

Halafu kuna misimbo yenyewe. Mteja anakuja na kifaa chake cha kusomea, kimemwandikia P0171, na tayari amenunua sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. Msimbo huo unasema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Huenda kuna mpira wa hewa uliopasuka, huenda pampu ya mafuta imechoka, huenda sensa inayopima hewa inayoingia imechafuka. Sensa ya oksijeni mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa tu, naye anataka kumwadhibu shahidi. Gari la kesho lina kompyuta yenye uwezo wa kulinganisha mambo hayo lenyewe na kusema: "Hewa inaingia pasipostahili, zaidi injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, anza kukagua mipira." Nisingekosa kazi kwa hilo. Ningefanya kazi bora zaidi, na mteja asingenishuku.

Sharti langu moja ni kwamba taarifa hizo ziwe mali ya mwenye gari, zisifungiwe kwenye programu ambayo ni karakana za kampuni pekee zinazoweza kuifungua.

Msafiri wa Usiku:

Langu ni fupi: taa. Taa za LED zimekuwa kali kiasi kwamba kila anayekuja mbele yangu ni kama amebeba jua. Teknolojia ya kutatua hili ipo. Kamera hulitambua gari linalokuja, na vijitaa vinavyolielekea huzimwa huku vingine vikiendelea kumulika pembeni, hivyo dereva hahitaji kuchagua kati ya taa kamili na taa hafifu. Ulaya imeitumia kwa miaka mingi, na Marekani ikairuhusu mwaka 2022. Ningependa iwe ya lazima kwa magari yote, hata ya bei nafuu, maana faida yake kubwa haimwendei mwenye gari bali yule anayepishana naye, na hakuna mtu anayependa kulipia ziada kwa ajili ya macho ya mwingine.

Usukani Wangu:

Nashangaa hakuna aliyetaja magari yanayojiendesha, ingawa labda ukimya huo nao ni jibu. Chama cha wahandisi cha SAE kimeyapanga kwa ngazi kuanzia 0 hadi 5. Ngazi ya 2 gari hushika njia na kudhibiti mwendo, lakini dereva anawajibika kila sekunde. Ngazi ya 3 gari huendesha lenyewe katika mazingira maalumu, na dereva huitwa linaposhindwa. Mercedes-Benz walianza kuuza mfumo wa ngazi ya 3 Ujerumani mwaka 2022, kwa barabara kuu na mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, ambao ni mwendo wa kwenye foleni. Wenyewe waliona mipaka, na mimi nawasifu kwa hilo.

Shaka yangu iko kwenye ule wito. Mtu aliyekuwa anasoma ujumbe hawezi kurudi kwenye usukani na kuielewa barabara papo hapo, na kumtaka akeshe akiitazama mashine inayofanya vizuri siku zote ni kumtaka asinzie. Ndiyo maana kwangu teknolojia bora ni ile inayosubiri kimya. Mfumo wa kuzuia gari kuserereka uliingia sokoni mwaka 1995, ukawa wa lazima kwa magari mapya yote katika Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na madereva wengi wanaoutumia hawajui hata kwamba upo. Hubana breki ya tairi moja pale gari linapotaka kuzunguka, kisha hujiondoa. Nipeni mingine ya namna hiyo. Na kila kitu kinachounganishwa na intaneti kitenganishwe na breki na usukani, kwa sababu mwaka 2015 watafiti wawili waliidhibiti Jeep iliyokuwa barabarani wakiwa mbali nayo, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa.

Dereva wa Masafa:

Nawashukuru wote. Nilikuja na malalamiko ya kitufe, lakini aliyenigusa zaidi ni Fundi wa Zamu, kwani taa anayoisema imewaka kwenye gari langu tangu juzi, tena haimetameti. Je, niendelee kulitumia?

Fundi wa Zamu:

Kama injini haitetemeki, haijapoteza nguvu na kipimo cha joto kiko mahali pake, litumie kwa upole. Anza na kifuniko cha tanki: kikaze hadi usikie mlio wake, kisha uangalie kama mpira wake haujapasuka. Ikiwa tatizo lilikuwa hilo, taa haitazima mara moja, bali baada ya safari kadhaa. Isipozima, lipeleke likasomwe, na tafadhali usinunue sensa kabla ya hapo.